Nilikwenda Michigan Kuposa, Jibu Nikalifuata Kizuka

Tangu nirudi, kila nikiketi kwenye kahawa pale jirani na soko la Rumonge naambiwa nianze upya. Mmoja anataka habari za ndege, mwingine za baridi, mwingine anabisha kwamba Marekani hakuna watu wanaokaushia samaki juani wala motoni. Nikikaribia penye maana, adhana inaita na watu wananyanyuka. Basi nimeandika. Atakayeniuliza tena nitampa asome, na kahawa atanunua yeye. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Yalinichosha mara moja, yanatosha.

Safari yenyewe ilikuwa ya posa. Marehemu kaka yangu aliacha kijana mmoja, Idi, aliyepata Marekani kwa ile bahati nasibu ya viza. Anakaa jimbo la Michigan, mji wa Grand Rapids, anafanya kazi kwenye kiwanda cha viti. Huko akampata binti, Zaituni, wakapendana. Wazazi wa Zaituni walikufa angali mdogo. Amelelewa na bibi yake, Mama Zena, na hapo ndipo pana mwiba. Mama Zena ni mzaliwa wa Kizuka, hapa hapa kwetu. Alikimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili akiwa msichana, akavuka kwenda Tanzania, akazalia na kuzeekea kambini, mpaka familia yao ikachukuliwa Marekani. Aliposikia mchumba ni mtu wa Rumonge, akasema mjukuu wake haendi kwa watu wa mwambao ule, ambako ardhi ya kwao iligawiwa wengine. Walimbembeleza mpaka akalegea kidogo: aje mtu wa damu ya baba yake kijana, apose kwa kinywa chake, si kwa simu, ndipo atajibu. Zaituni naye alishasema hataolewa juu ya machozi ya bibi yake. Kwa hiyo jibu la yule mama ndilo lilikuwa ndoa yenyewe.

Ukoo ukanigeukia mimi. Si kwa sababu ya akili, ni kwa sababu ya mdomo. Mtaani kwetu, msichana wa watu akitakwa, naitwa mimi kuwa msemaji. Nimeposea watu wengi na sijawahi kurudishwa. Nawaambieni mapema ili mjue nilivyoondoka hapa nimebenua kifua.

Rumonge hadi Bujumbura

Mafuta hayakuwepo, kama mnavyojua. Dereva alipopata ya kutufikisha, mvua ikawa imeshusha mlima barabarani kule Gitaza. Tukashuka, tukavua viatu, tukavuka tope kwa miguu ili tupande gari jingine upande wa pili. Mimi nilikuwa na suruali ya suti na koti la baridi mkononi. Sanduku langu alilibeba mtu kichwani, akinicheka njia nzima.

Upande wa pili palikuwa na akina mama na ndagala zao kavu, dagaa wa ziwa letu. Nikaona nisiende mikono mitupu kwa mtu wa mwambao aliyekaa ugenini maisha yake yote. Muuzaji alinitazama juu mpaka chini.

"Papa, na hii koti unaenda wapi?"

"Amerika. Naenda kuposa."

"Yo! Huku kwetu mabinti bameisha?"

"Wapo, lakini huyu iko kule."

Akaniongezea kopo moja bure, akasema nikamwambie bibi harusi zimetoka Gitaza, si za kuchanganya na mchanga. Tulifika Bujumbura nikiwa na tope mpaka magotini, na dada yangu akanipokea kwa kicheko kile kile cha Gitaza.

Addis Ababa, na anga lisilokwisha

Addis tulichelewa sana. Hakuna aliyetueleza sababu. Kila tukiuliza tunaonyeshwa viti. Nikakaa na mama mmoja wa Uvira anayekwenda kumtazama bintiye aliyejifungua, tukagawana ndizi zake na maandazi yangu. Yeye alikuwa amesafiri tayari mara moja, kwa hiyo alikuwa mwalimu wangu. Aliniambia ndani ya ndege nikiulizwa chakula niseme samaki tu, maana samaki hana maswali.

Nikaulizwa, nikasema samaki. Hawakuwa na samaki. Wakaniletea majani, na baada ya majani wakaniletea majani mengine. Mama wa Uvira alikuwa viti vya nyuma akila kuku, na alipopita kwenda chooni aliniambia kuku ni halali, kaambiwa na mhudumu mwenyewe. Nilimkasirikia mpaka tulipoanza kushuka.

Chicago, na kona ya ziwa

Chicago mbwa alipenda sanduku langu. Alilinusa, akakaa chini, na askari wake akaniita pembeni. Ndagala zikamwagwa juu ya meza ya chuma na watu watatu waliovaa glavu wakazizunguka. Waliniitia mkalimani kwenye simu, Mswahili wa pwani, kijana mwenye adabu.

"Mzee, wanauliza hawa ni dagaa wa nini?"

"Wa kula. Waambie ni zawadi ya posa."

Nikamsikia akiwaeleza, na wale watu wakatazamana. Mwanamke mmoja kati yao akacheka, akanirudishia ndagala zangu akizipanga vizuri kwenye mfuko, akasema neno ambalo mkalimani alilitafsiri kuwa ananitakia heri. Nimewahi kutendewa vibaya zaidi kwenye kizuizi cha barabara ya kwetu.

Idi alinipokea nje. Alikuwa amekonda. Nilifikiri ni kazi ya kiwanda. Kumbe ni hofu, maana ndani ya gari, kabla hata hatujatoka mjini, aliniambia: "Baba mdogo, yule bibi akikataa, mimi nimekwisha."

"Nani amewahi kunikatalia?" nikamjibu.

Kutoka Chicago unazunguka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan, unakatiza jimbo la Indiana, ndipo unaingia Michigan. Mimi mpaka ninaoujua ni wa kule Kabonga: kamba, askari, na mtu mmoja anayekuambia usubiri bila kukuambia unasubiri nini. Hapa Idi alisema, "Tumeingia jimbo lingine," nami sikuona kitu isipokuwa ubao wa kukaribisha wageni. Kumbe kila jimbo lina gavana wake, bunge lake na mahakama zake, tena sheria zinabadilika ukipita ule ubao. Nikamwambia mbona wanapita kama nyumbani kwao. Akasema ni nyumbani kwao.

Nikamwomba anionyeshe ziwa. Tuliliona likiwa na mawimbi na mchanga mweupe, na upande wa pili hakuna kitu. Sisi tumezoea kutazama maji na kuona milima ya Kongo, hata siku ya ukungu unajua ipo. Hili halina ng'ambo. Niliinama nikaonja, nikitegemea chumvi. Yalikuwa maji matamu, ya baridi ya kuuma meno.

Grand Rapids: kiganja cha Mzee Dale

Sasa nieleze kidogo kazi ya msemaji, kwa wale wadogo wasioijua. Kwetu mtu hujulikana kwa mlima wake, maana mlima ndio kijiji. Huwezi kuingia kwa watu ukasema nataka binti, halafu ukaulizwa habari za mlima ule, nani alifyeka kwanza, maji yanatoka wapi, nani anaongoza, ukabaki umetoa macho. Idi aliniambia msemaji wa upande wa binti, Ramadhani, mdogo wake marehemu baba yake Zaituni, ameapa kuniuliza mlima wao wa sasa, yaani Michigan. Nikasema vizuri, nitausoma.

Mwalimu wangu akawa jirani ya Idi, Mzee Dale, dereva mstaafu wa basi la shule. Siku ya kwanza alisimama mbele yangu akainua mkono wa kulia, kiganja kimeniangalia. Nikainua wangu, nikaweka kiganja changu juu ya chake, nikidhani ndivyo wazee wa huko wanavyosalimiana. Idi alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kiganja ni ramani. Jimbo lina vipande viwili vilivyotenganishwa na maji. Kile cha kusini kina umbo la kiganja chenye dole gumba, na mtu akikuambia anakotoka anakugusia kidole. Cha kaskazini kimelala juu yake kama mkono mwingine uliolazwa. Maziwa makuu yako matano, na manne yanaligusa jimbo hili.

Mengine niliyapata mwenyewe kwa Kifaransa changu cha shule. Wafaransa walitangulia pale na mitumbwi yao wakitafuta ngozi za wanyama, wakaacha majina. Detroit ni mlango wa maji tu, mahali ziwa linapobanwa. Baadaye wakaja Waingereza, kisha Wamarekani. Makao makuu yalikuwa Detroit, lakini Waingereza walikuwa ng'ambo ya mto, karibu mno, na watu walitaka mji ulio katikati. Wakahamishia Lansing, wakati huo msitu mtupu. Nikamwambia Mzee Dale sisi pia tulihamishia Gitega tukaacha Bujumbura ziwani. Akauliza kama watu wa Bujumbura walinuna. Nikamwambia bado wamenuna.

Idi alinipeleka Lansing nione. Jengo lina kuba kubwa, na milango iko wazi. Watoto wa shule wanaingia mpaka juu ya ukumbi wa bunge na kutazama viti chini. Nilisubiri mtu anifukuze, hakutokea.

Ulikuwa wakati wa uchaguzi. Kila nyumba imechomeka vibao kwenye majani, na vyama vikubwa viwili vinavutana, maana jimbo hili leo linaenda huku, kesho kule. Mzee Dale alikuwa na kibao cha chama kimoja, jirani yake wa kulia kibao cha chama kingine. Asubuhi niliwaona wamenuniana kama wake wenza. Mchana nikawaona wameshika ngazi moja, wanaondoa majani makavu kwenye bati la mmoja wao. Mimi nilikaa dirishani nikiwatazama kama sinema. Mzee Dale ana kinyongo na watu wa jimbo moja tu, Ohio, na kisa ni mji wa Toledo. Alinieleza kisa hicho akiwa mwekundu usoni, nikadhani ni jambo la juzi, kumbe ni la karne mbili nyuma. Nikakipenda kile kisa. Nikakiweka mfukoni.

Siku ya posa

Nyumba ya Mama Zena ilijaa. Pilau, sombe ya majani ya muhogo, na ndagala zangu zimepikwa kwa mawese ya dukani ambayo sitayasema vibaya kwa sababu wenyewe walikuwa wanajivunia. Mama Zena alikaa kwenye kochi kando ya dirisha, mwembamba, ushungi mweupe. Alipoletewa ndagala alizinusa kwanza, akala mbili tatu kwa mkono.

Ramadhani akasimama. Amekulia kambini, Kiswahili chake cha Kigoma. "Mzee Yusufu, karibuni. Lakini mgeni haposi mlima asioujua. Tuambie, hapa ulipokaa ni wapi?"

Nikanyanyuka. Jamani, nilisema! Niliinua kiganja, nikawaonyesha walipo. Nikataja maziwa manne, mlango wa maji, Lansing msituni, vyama viwili na ngazi moja. Vijana walipiga makofi. Idi alianza kutabasamu. Nikaona ndipo mahali pa kufunga kwa kishindo, nikatoa Toledo.

Nikawaambia: Michigan iligombana na Ohio juu ya ukanda wa ardhi wenye mji wa Toledo. Kila upande ukapeleka askari, wakatishana porini. Michigan ilikuwa haijaingia bado kwenye umoja wa majimbo. Serikali kuu ikawaambia: mwachieni Ohio ukanda huo, chukueni ile nchi ya kaskazini ng'ambo ya maji, muingie. Walikataa, walilia kwamba kule ni theluji na mbwa mwitu. Mwisho wakakubali. Baadaye wakachimba kule kaskazini, wakakuta shaba na chuma.

"Basi wenye nyumba," nikamalizia, "anayeachia ardhi, Mungu humfungulia kwingine. Mliacha michikichi ya Kizuka, mkapata Michigan. Nasi tumekuja kuchuma katika baraka hiyo."

Kwetu hapo ndipo akina mama hupiga vigelegele. Hakupiga mtu. Ramadhani alitazama sakafu. Mama Zena aliweka sahani yake chini.

"Bale ba Michigan baliulizwa," akasema taratibu. "Walikataa, wakaulizwa tena. Mimi nani aliniuliza?"

Nikaketi. Mimi, Yusufu.

"Na ile kaskazini walipewa, haikukuwa na batu?"

Hilo sikulijua. Mzee Dale hakunifundisha, nami sikuuliza.

"Wageni wakule," akasema Mama Zena. "Chakula iko na haki yake." Akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tulikula, kwa sababu ametuambia tule. Zaituni alikuwa jikoni analia na bomba la maji limefunguliwa ili tusisikie. Niliona aibu kama sijawahi. Njiani Idi hakunilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kaskazini, ng'ambo ya daraja

Nilikuwa nimeshafunga sanduku moyoni aliponipigia Ramadhani. Kila majani yanapogeuka rangi humpeleka mama yake, Mama Zena, kaskazini kununua samaki wa moshi, na mama amesema safari hii mtu wa Rumonge aje.

Tuliondoka asubuhi, Ramadhani kwenye usukani, Mama Zena pembeni yake, mimi nyuma na Zaituni. Miti ilikuwa myekundu na ya manjano pande zote, na baridi imeingia kweli. Kwa saa nyingi nilitazama kisogo cha Mama Zena. Tulipofika penye daraja linalounga vipande viwili vya jimbo, refu kupita kiasi, katikati likiwa na wavu wa chuma unaoonyesha maji chini ya magurudumu, nilifumba macho nikasoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Nikasikia sauti nyingine inasoma pamoja nami. Ilikuwa ya Mama Zena. Tulipofika nchi kavu akageuka.

"Unaogopa maji, na wewe uko wa Rumonge?"

"Mama, kule tunapita ndani ya maji, si juu yake."

Akacheka kidogo. Hapo tu nilianza kupumua.

Duka la samaki lilikuwa kibanda cha mbao kando ya barabara, moshi unatoka nyuma. Mwenyewe ni mwanamke mnene mwenye nywele ndefu za mvi, wa kabila la Ojibwe, watu waliokuwepo kabla ya Wafaransa na kiganja na Toledo. Walijuana na Mama Zena kwa miaka, kwa kuashiria vidole na kucheka. Siku hiyo Mama Zena alimwambia Zaituni atafsiri, akamwuliza kilichotokea kwa ardhi yao.

Yule mwanamke alijibu huku akifunga samaki kwenye karatasi. Wazee wao walitiwa kwenye mkataba, wakaachia ardhi kubwa mno, na nchi ile ikagawiwa. Haki ya kuvua hawakuiachia, na bado wanaishika, mahakama imewapa. Wengine walikusanya fedha wakanunua upya vipande vya ardhi yao wenyewe.

"Na hawa banaokaa juu yake leo," Mama Zena akauliza, "banawajua?"

Zaituni akatafsiri. Mwanamke akaacha kufunga. Alisema Michigan yenyewe ni jina lililotoka kwenye lugha yao, maana yake maji makubwa, na watu wanalitaja kila siku. Lakini ukimwuliza mtu nani alikuwa anaishi pale ilipo nyumba yake, hajui. Mumewe mwenyewe ni wa ukoo wa wale waliogawiwa, na alipomwoa hakujua. Sasa anajua, alisema, yeye mkewe amehakikisha. Wakacheka wote wawili, wanawake wa watu, na mimi nikatazama samaki.

Tulikula kwenye benchi, samaki kwa mikono, mafuta yanachuruzika, upepo unakata masikio. Yule samaki mnieleweni, hashindi mukeke wa ziwa letu, lakini anasogelea. Mama Zena akajifuta vidole, akaanza kusema bila kunitazama.

"Mwaka tulifika hapa, nilikuwa nakwenda ziwani natafuta Kongo. Nasema labda kesho itaonekana." Akakunja karatasi ya samaki. "Yusufu, michikichi siitaki. Nimezeeka, nitaipanda wapi? Wale banaokaa pale siwajui, labda nao balipewa tu. Lakini kule Kizuka ni kama sikuzaliwa. Sasa sikiliza. Ulibisha hodi kwangu. Nenda ubishe hodi kule. Sema jina yangu, Zena, na ya baba yangu, Hamisi. Usidai kitu. Halafu uniambie walijibu nini. Wakikukalisha, Idi atamuchukua Zaituni. Wakikufukuza, mimi sitatoa mutoto kwa mwambao ambako jina langu ni ugomvi."

Zaituni alikuwa amesimama karibu na gari, amesikia yote. Nilitaka kusema neno zuri. Kwa mara ya kwanza nikaona ni afadhali ninyamaze. Nikasema tu, "Nitakwenda, mama."

Kizuka

Safari ya kurudi sina la kusema, isipokuwa safari hii niliomba kuku.

Ninyi wa hapa mnajua nilivyoogopa. Kwa mwambao wetu ukienda kwa mtu ukataja mwenye shamba wa zamani, wewe si mgeni, wewe ni kesi. Watu wamekatana kwa jambo hilo. Nililala na kuamka siku kadhaa nikitafuta kisingizio, Idi akinipigia na kunisalimia tu, bila kuuliza. Mwisho nikachukua taxi-moto, ile pikipiki ya abiria. Wazee wa Kizuka walinielekeza palipokuwa kwa Hamisi, kwa sauti ndogo, na hakuna aliyenisindikiza.

Mwenye nyumba alikuwa anashusha mikungu ya chikichi. Mtu wa makamo, panga mkononi, shati limelowa mafuta. Nikabisha hodi nikiwa mbali, naye akanisalimu.

"Amahoro. Wewe iko wa tribinali?"

"Hapana, sikutoka mahakamani."

"Iko wa nani?"

Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima. Nikayaacha. "Nimetumwa na Zena, mutoto wa Hamisi. Alizaliwa hapa, akatoka sabini na mbili. Iko Amerika. Hadai kitu. Anasalimia."

Akasogea karibu. "Hadai?"

"Hadai."

"Wote banaanzaka hivyo. Leo salamu, kesho karatasi. Baba yangu alipewa hapa na serikali, hakuiba. Nimezalia hapa." Akanyoosha panga kuelekea barabarani. "Papa, ondoka."

Nikageuka. Machoni nilimwona Zaituni na bomba lake la maji. Nilikuwa nimeshafika kwenye ua aliponiita mkewe, ametoka jikoni, mikono imejaa sombe.

"Ngoja!" Kisha kwa mumewe: "Papa Keza, muulize ile ya mawe."

"Achana nayo."

"Nani mwingine atakuja kutuambia?"

Mume akamtazama mkewe. Akaweka panga chini, taratibu, akanifanyia ishara nimfuate. Katikati ya michikichi palikuwa na kipande kisicholimwa, kimefagiwa, na mawe mawili yamesimamishwa, moja huku, jingine kule. Nikampigia Mama Zena simu ya video. Kwao ilikuwa asubuhi, yuko kwenye kochi lake na kikombe cha chai. Nikampa yule mtu simu.

"Mama, amahoro," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Hapa iko mawe mawili. Baba yangu aliyakuta. Alituambia tusipige jembe pale, imesimamishwa na mikono ya mutu. Na mimi nimewaambia batoto. Hatujui ni nani."

"Geuza simu nione." Akageuza. "Mukubwa iko upande ya mlima? Mudogo upande ya ziwa?"

"Ndiyo, mama."

Tulisikia kikombe kinawekwa. "Ni mama yangu. Alikufa kabla ya mambo yote. Tulimuzika mimi na baba, jioni, mimi ndiye nilileta ile jiwe mudogo. Anaitwa Mariamu."

"Mariamu," akasema mwenye nyumba. Mkewe nyuma yetu naye akasema, "Mariamu."

"Tunapita pembeni, mama. Miaka yote tunapita pembeni."

Mama Zena alilia hapo, na sioni haya kusema nami nililia, na mwanamke wa watu akaenda mbio kuniletea kiti kutoka ndani, akakipangusa, akanikalisha pale pale kati ya michikichi.

"Yusufu," sauti ikaita kutoka kwenye simu, nikaichukua.

"Mama."

"Wamekukalisha?"

"Wamenikalisha."

"Mwambie Idi aje Ijumaa na wazee. Nimemupa." Kisha akasema, "Nirudishie yule."

Nikamrudishia mwenye nyumba simu. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea.

"Mwana wangu," Mama Zena akamwambia, "na wewe unaitwa nani?"

"Melkiori, mama. Melkiori mutoto wa Bonifasi."